Gazi, Kijiji Kinachouza Kivuli cha Mikoko

Ukitoka Likoni kuelekea kusini, ukaipita Ukunda, kabla hujafika Msambweni utaona njia ya kushoto iingiayo Gazi. Hapa ndipo alipokuwa na makao yake Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895. Siku hizi Gazi inatajwa duniani kwa miti yake.

Tulifika bahari imekupwa. Tulipita juu ya daraja la mbao linalosimamiwa na kina mama wa kijiji, mikandaa na mikoko ikitukinga na jua, kaa wakikimbilia mashimoni. Wenyeji husema kuwa miaka ya sabini magogo yalichukuliwa hapa kwa wingi kulisha tanuri za viwanda, sehemu zikabaki jangwa la tope. Upandaji upya ulianza miaka ya tisini.

Mkoko huvuta hewa ya ukaa na kuizika topeni, ambako mizizi haiozi upesi. Hesabu ya ukaa huo huuzwa kwa watu wa mbali wanaotaka kufidia moshi wao. Tangu 2013 Gazi na jirani yake Makongeni wanaiuza kupitia mradi wa Mikoko Pamoja: hekta 117, yapata tani 3,000 kwa mwaka. Mapato yalikadiriwa dola 12,000 hivi kwa mwaka. Zikigawanywa nyumba kwa nyumba, hazitoshi hata vitoweo vya mwezi. Wanakijiji hukutana na kuamua pamoja, na fedha zimeingia katika maji ya mfereji na mahitaji ya shule. Kwetu sisi tuliolelewa na ndoo kichwani, uamuzi wa maji ni wa watu wenye akili.

Lakini jikoni je? Msitu ukilindwa, mama aliyezoea kuni za mkoko atapikia nini? Mnunuzi wa ukaa hana habari na swali hilo, na kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Kwa hiyo mradi uliweka pia mashamba ya mivinje, mti uotao upesi, ufaao kwa kuni na nguzo za nyumba. Hata hivyo mvinje huhitaji miaka kabla ya kukatwa, na chungu cha jioni hakingoji. Tulipokuwa tukiondoka, moshi wa mapishi ulikuwa umeanza kupanda juu ya makuti.