Hewa ya Chumba Changu

Skrini ya kugusa haipendi glavu. Hilo ndilo la kwanza nililojifunza nikiwa atachimenti katika kiwanda kimoja nje ya Kisumu. Unavua glavu, unapangusa kidole kwenye ovaroli, unagusa, skrini inaamka na kukupa namba mbili za kijani: oksijeni kwa asilimia, na kaboni monoksidi kwa sehemu za milioni. Mashine ilivuta moshi kidogo kutoka bomba la boila ya kuni kupitia mpira mwembamba, ikauchuja, ikaukausha, ikaupima. Kazi yangu ilikuwa kusoma kila nusu saa na kuandika kitabuni.

Nilijiona mtu mkubwa. Nyumbani nilishatuma picha nimesimama mbele ya hiyo skrini, kidole kimenyooka kama rubani.

Siku moja oksijeni ikasoma 20.9, kaboni monoksidi 0. Nikaandika. Nusu saa baadaye, vilevile. Nikafurahi hata. Si hiyo ndiyo hewa safi tuliyofundishwa shuleni? Mzee aliyekuwa akilisha boila kuni akaja mlangoni ameshika kichwa.

"Kijana, hebu angalia mashine yako. Moshi unarudi huku kwetu, na kichwa kinanigonga."

Nikaangalia skrini. Yeye sikumwangalia. "Mzee, mashine inasema sufuri. Ni jua tu. Kunywa maji."

Akarudi kazini. Nilimwita mzee, lakini sikumsikiza kama mzee.

Kabla ya saa tisa alasiri walimkuta amekaa chini, ametapika, hawezi kusimama. Wakambeba hadi nje penye upepo, kisha hospitali. Alipona, shukuru Mungu. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Unaona moshi, lakini kinachokuangusha hukioni.

Msimamizi aliingia, akasoma namba zangu, na wala hakugusa skrini. Alizunguka nyuma ya kabati. Mpira ulikuwa umechomoka.

"Ndani ya bomba la moshi," akaniuliza, "ishirini nukta tisa itoke wapi?"

Hapo ndipo niliona ujinga wangu. Moto unakula oksijeni. Kuni zikiungua vizuri, kwenye moshi hubaki labda 6 au 8 kwa mia. 20.9 ni hewa ya kawaida tu. Kwa saa tatu mashine ilikuwa inapumua hewa ya chumba changu, penye feni, na ilikuwa inasema ukweli mtupu kuhusu mtu mmoja: mimi.

Atachimenti ilipoisha nikaenda Luanda Kotieno kwa wajomba. Pale unaposhukia feri ya Mbita, ukitazama majini utaona vizimba vya samaki vikielea. Vitatu ni vya mjomba na wenzake. Alifurahi kuniona, msomi wa mashine. Kikundi chao kina kifaa cha kupimia oksijeni ya majini, na hakuna anayekipenda.

"Okewa, njoo utusomee hiki kitu. Ngege hawali tangu asubuhi. Wamejazana juu tu."

Tukapiga kasia. Nikatumbukiza kipimo: miligramu 6.1 kwa lita. Nikafungua mdomo kusema, "Iko sawa." Kisha nikaona mkono wangu ulipo. Kipimo kilikuwa kimezama shubiri moja tu.

Nikaachilia waya taratibu, mita moja, mbili, hadi chini ya kizimba. 1.8. Ngege anavumilia mengi, lakini hapo anaanza kukosa pumzi. Ndiyo maana walikuwa wamepanda juu wote.

Mjomba hakuhitaji maelezo. Kando ya ziwa hili watu bado wanakumbuka Novemba 2022, vizimba vya upande wa Kisumu vilipojaa samaki waliokufa. Watafiti walieleza kuwa maji ya chini, yasiyo na oksijeni, yalipanda juu. Jioni hiyo tukavua tulichoweza, tukauza kwa bei ya kulia. Usiku upepo ukavuma. Asubuhi waliobaki walikuwa wanaelea, matumbo meupe juu.

Tukiwa tunawatoa nikamsimulia mjomba habari ya ule mpira. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo mzee, ulienda kumwona?"

Nikanyamaza. Akachagua ngege wawili wakubwa kati ya wale tuliovua jana, waliokuwa kwenye barafu, akawafunga kwa gazeti. "Usiende mikono mitupu."

Jumapili nilifika kwake nikinuka samaki. Mkewe akapokea mfuko, mzee akanivutia kiti. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile nilipokuja mlangoni, uliandika kwenye kile kitabu kwamba kichwa kinaniuma?"

"Hapana, mzee," nikasema. "Niliandika sufuri. Mara sita."