Rangi ya Chungwa la Muheza

Mama yangu aliuguza watu kwa miaka 33, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliipitisha mbele ya ukuta mmoja: juu mweupe, chini kijani. Alihamishwa wodi, akahamishwa hospitali, ukuta ukabaki uleule. Ni rangi ya mafuta, inayong'aa kidogo, ili dawa ikimwagika au mgonjwa akitapika, kitambaa na sabuni vitoshe. Kijani chake kimepauka na kina ubaridi, kama kilichochanganywa na buluu na chokaa. Ukikiona tu, pua inasikia dawa.

Kijani cha hospitali kina historia yake. Mwaka 1914, daktari mpasuaji wa San Francisco aitwaye Harry Sherman alikiingiza kwenye chumba cha upasuaji kwa sababu weupe wa kuta na mashuka ulikuwa unamuumiza macho. Jicho lililoikodolea damu kwa muda mrefu likihamia kwenye kitu cheupe huona vivuli vya kijani, kwa kuwa kijani ndicho kinachokabiliana na nyekundu. Ukuta wa kijani hulipumzisha. Kwa hiyo ni rangi iliyochaguliwa kwa ajili ya macho ya mganga. Mgonjwa na ndugu zake wanaikuta tu.

Mama alistaafu mwaka 2024. Kiinua mgongo kilipoingia, jambo la kwanza alilotaka ni kupaka rangi sebule. Nyumba yetu ya Kivule tulihamia mwaka 2013 ikiwa na plasta tupu, na kwa miaka 11 tuliishi ndani ya kijivu cha saruji. Kila muhula wa ada, yangu na ya wadogo zangu, ulikuwa ndoo za rangi zilizosubiri. Mimi nilidhani atachagua rangi ya maziwa, kama majirani wote. Akasema, "Kijani."

Nikanyamaza. Baba alifia wodini mwaka 2017. Siku tisa Mama alikaa kando ya kitanda, safari hii kama mke wa mgonjwa, na mbele yake ukuta ule. Ninajua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji kwenye chupa ya chai.

"Mama, kijani hakitakukumbusha?"

"Kile kitanikumbusha. Mimi sitaki kile. Nataka kijani cha kwetu. Siwezi kuwaachia hospitali rangi nzima, mwanangu."

Kijani cha kwetu ni kipi? Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ninasoma shahada ya uzamili ya isimu, na maneno ya rangi ni mada tunayoipenda darasani. Mwaka 1969, Brent Berlin na Paul Kay walidai kwamba lugha yenye maneno matatu tu ya msingi ya rangi huwa na nyeupe, nyeusi na nyekundu, ndipo kijani au manjano hufuata. Kiswahili kinafurahisha hapo. Vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi ni hivyo hivyo vitatu: -eupe, -eusi, -ekundu. Rangi nyingine nyingi tumeziazima kwenye vitu: kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda, manjano kwenye bizari, kijani kwenye jani. Na tukitaka kukisifu kijani tunasema "kijani kibichi", kana kwamba kijani chote hakijaiva.

Vitabu vya mapambo ya nyumba vina jibu rahisi: kuna kijani baridi kinachoegemea buluu, na kijani chenye joto kinachoegemea manjano. Nikamweleza fundi hivyo, kwamba tunataka kijani chenye joto. Akanitazama kwa huruma. "Joto, dada? Kwa Dar hii?"

Mama akaingilia. "Fundi, mimi nataka rangi ya chungwa."

Kesho yake fundi akaja na kopo dogo la rangi inayowaka kama koni za barabarani. Mama akacheka mpaka akakaa. Kisha akaingia jikoni, akatoka na chungwa, akaliweka juu ya mfuniko wa kopo. Lilikuwa la kijani.

Mama amezaliwa Muheza, na machungwa ya Muheza yanaiva yakiwa na kijani chake. Chungwa hugeuka rangi vizuri kunapokuwa na usiku wa baridi, ambao huivunja ile kijani ya ganda. Kwetu joto halishuki hivyo, basi ganda linabaki kijani, likiwa na manjano kwa mbali, na ndani tunda ni tamu. Kamusi zetu zinasema rangi ya chungwa ni ile ya koni. Mama hajawahi kuchuma chungwa la namna hiyo maishani mwake.

"Hili limeiva," akamwambia fundi. "Nataka kijani kilichoiva."

Fundi akaelewa pale pale. Akachukua kijani, akatia manjano, kisha tone la nyekundu kuua ukali, akakoroga. Tulipiga hesabu: kuta za mita 4 kwa 5, kimo mita 3, ni mita za mraba 54, ukitoa milango na madirisha zinabaki kama 46. Kwa mikono miwili ni 92, na lita moja hufunika takriban mita 10. Tukanunua lita 12, na fundi akasisitiza zote zichanganywe kwenye ndoo moja siku moja, maana rangi ya kukoroga kwa mkono hairudiwi. Ikikuishia katikati ya ukuta, umeishiwa kweli.

Kabla ya hapo nilipaka kipande kikubwa cha kadibodi, nikakizungusha ukutani siku mbili. Ninamshauri yeyote afanye hivyo. Rangi kwenye kadi ya dukani hudanganya; kuta nne zikitazamana zinarushiana rangi, nayo inakolea. Asubuhi, upande wa dirisha la mashariki, kadibodi ilikuwa chungwa kabisa. Mchana ilitulia. Usiku tulipowasha taa, Mama akasema neno moja: "Wodi."

Ilikuwa balbu. Ilikuwa ya kelvini 6500, ule mweupe wenye buluu ndani yake, na buluu hiyo iliyameza manjano yote. Tulipofunga ya kelvini 3000, chungwa likarudi. Fedha ya balbu moja ndiyo iliyotenganisha sebule na hospitali.

Jirani alipopita alisema tumehamia Yanga. Baba alikuwa Simba wa damu. Mama akajibu kwamba mwenyewe ataulizwa siku wakikutana. Ni mara ya kwanza nilimsikia akimtania tangu mazishi.

Siku hizi jioni Mama anakaa sebuleni akiutazama ukuta bila kufanya lolote. Simuulizi anaona nini. Ukuta ule aliuchagua yeye.

Rangi iliyobaki, kama lita mbili, ameimimina kwenye kopo na kuibandikia plasta ya hospitali juu, kwa mwandiko wake ule wa kuandika chupa za dawa: "Kijani kilichoiva. Sebule. Imefunguliwa 14/9. Koroga vizuri kabla ya kutumia. Weka mbali na watoto."