Kutoka Kabla ya Wakati

Mtoto wa dada yangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 30, uzito wake kilo 1.2. Pakiti ya unga ni kilo 2. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa kwenye benchi nje ya wadi ya watoto wachanga, hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Ndani waliruhusiwa akina mama peke yao. Sisi wengine, wajomba na mashosho, tulikuwa watu wa korido.

Jioni dada alitoka, leso mabegani, akaketi kando yangu.

"Daktari anasema mapafu hayajakomaa. Wewe si ulisoma hizi vitu? Hayajakomaa aje?"

Nilihisi baridi. Nilisoma Biokemia miaka miwili, kisha karo ikakataa. Wenzangu walirudi mwaka wa tatu, mimi nikabaki na laptop ya mtumba na kazi za kuandika mtandaoni: leo jinsi ya kuosha zulia, kesho faida za avokado. Nyumbani bado wananiita Dakta. Ni mzaha, lakini Mama akilitamka hilo jina huwa hacheki.

"Nitakuambia kesho," nikasema. Usiku huo nikanunua bundles za shilingi 50 badala ya chapo.

Sehemu ya kwanza niliikumbuka. Mapafu ni vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Kila kifuko kina unyevu ndani, na maji hupenda kujivuta pamoja, kama karatasi mbili za nailoni zikilowa. Ili kifuko kisijifunge kila tukitoa pumzi, seli za mapafu hutengeneza mafuta fulani ya kulegeza huo mvuto. Mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba watoto waliokufa kwa tatizo hili la kupumua walikuwa na upungufu wa mafuta hayo. Kwa kawaida huwa yanatosha karibu na wiki ya 35. Wetu hakungoja.

Ningeishia hapo. Lakini bundles zilikuwa bado, nikaendelea kusoma, nikakutana na utafiti wa 2018 kutoka Taasisi ya Weizmann, Israeli. Watafiti walichukua mapafu ya panya tangu wakiwa tumboni hadi baada ya kuzaliwa, wakayachunguza seli moja moja. Walitaka kujua nani anaongea na nani. Seli huongea kwa kemikali: moja inatuma, nyingine ina mlango wa kupokea. Wakapima jozi nyingi za mtumaji na mpokeaji.

Kati ya wasemaji wakuu kulikuwa na basofili.

Basofili nilizijua kwa sentensi moja ya darasani. Ni seli za kinga, kwenye damu hazifiki hata 1 kati ya seli nyeupe 100, na ukizitaja watu wanafikiria mzio: kuwashwa, kupiga chafya. Paul Ehrlich alizieleza tangu 1879, na kwa miaka mingi hakuna aliyezitarajia kwenye mjengo wa mapafu. Mimi pia nilizirukia kwenye mtihani.

Kumbe zikifika kwenye mapafu machanga, hubadilika. Mapafu yenyewe huzipa ishara, mojawapo inaitwa IL-33, nyingine GM-CSF. Zikishapokea, zinaanza kutoa vichocheo vya ukuaji ambavyo basofili za kwenye damu hazivitoi kwa namna hiyo. Vichocheo hivyo vinawafikia majirani, hasa makrofaji, seli ambazo kazi yao ni kufagia vifuko vya hewa: vumbi, vijidudu, hata yale mafuta yakishazeeka. Makrofaji hazizaliwi zikijua kufagia mapafu. Zinafika zikiwa mbichi, zinafunzwa. Watafiti walipoziondoa basofili kwa panya, makrofaji hazikukomaa vizuri na kufagia kukawa kwa kusuasua.

Kilichoniamsha kabisa saa nane usiku ni kwamba, kwa panya, sehemu kubwa ya mafunzo hayo hufanyika siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Hewa imeshaingia, mtoto yuko nje, na mapafu bado yanajengwa.

Kesho yake nilimweleza dada yote, kwa Kiswahili, na mikono. Nikamwambia wazi kwamba hiyo ya basofili ni ya panya, na haibadilishi dawa wala oksijeni anayopewa mtoto. Alisikiliza akitazama sakafu. Halafu akauliza kitu ambacho sikuwa nimekisomea.

"Kwa hivyo si ile mitungi?"

Maji yalikuwa yamepotea mtaani wiki mbili, akawa anabeba mitungi hadi orofa ya nne. Kumbe siku zote hizo alipouliza "hayajakomaa aje" alikuwa anauliza nani alaumiwe.

Ningeweza kusema hapana kwa sauti ya Dakta. Sikuwa na haki hiyo. "Kwa nini uchungu ulianza mapema sijui, muulize daktari," nikamwambia. "Lakini mapafu yake hukuyaharibu. Yalikuwa katikati ya kazi, na kazi haijasimama."

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Mama mmoja wa mapacha, aliyekuwa ameshakaa humo wiki tano, akatoka na kikombe cha uji, akamwambia, "Njoo nikuonyeshe vile unamfunga kifuani, huyo wako ameanza kutafuta joto." Wakaingia pamoja. Mimi mlango ukanifungia.

Nilibaki kwenye benchi nikafungua simu. Mteja wa zulia alikuwa anauliza makala yake iko wapi. Nilimwomba saa mbili zaidi, nikaanza kuandika haya.

Baada ya siku 38 kadi ya mtoto iliandikwa kilo 1.9. Siku ya kurudi nyumbani dada alinipa nimbebe kupanda zile ngazi. Nilisimama kila orofa, si kwa kuchoka. Nilikuwa nasikiliza anavyopumua.