KASKE YA ABIRIA



Kila asubuhi kazi yangu ni kusimama kwenye lango mbele ya ibada, kuandika wanaochelewa. Hapo ninaona pikipiki zote zinazoleta wanafunzi. Motari yuko na kaske yake, mara kichwani, mara imening'inia kwenye mkono ikingoja polisi. Kaske ya abiria siioni. Tena wengine wenu mnapanda watatu, mikoba katikati, mnacheka.

Mwaka huu dada yetu mmoja wa darasa la tano alianguka. Pikipiki haikukimbia; iliteleza tu kwenye kona. Motari, kaske kichwani, alisimama akapangusa suruali. Yule dada alilala hospitali, na siku mbili hakujua jina la mama yake. Sasa amerudi masomoni, lakini anaomba mwalimu arudilie maneno mara nyingi, naye zamani alikuwa wa kwanza katika hesabu.

Hapa kwetu chini ni pabaya. Moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 ukafika Buhene. Barabara nyingi za mitaa ni mawe yale yale, makali sawa kisu. Kichwa kikipiga pale, hata mwendo wa polepole unatosha.

Na kaske si ganda la inje peke yake. Ndani kuna povu ngumu nyeupe, inayopondeka pahali pa ubongo. Ndiyo sababu kaske iliyokwisha kupigwa sana inatupwa, na ile isiyofungwa kamba chini ya kidevu inaruka mbele ya kichwa kufika chini. Watafiti waliokusanya uchunguzi wa inchi nyingi waliandika mwaka 2008 ya kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa 42 kwa mia, na ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia.

Niliuliza wasichana wa darasa letu juu ya nini wanakataa. “Hiyo kaske bantu ngapi bamevaa leo? Jasho, chawa! Na misuko yangu?” Sicheki neno hilo, ni la haki. Lakini ninyi mnaovuka Petite Barrière mnajua: kule Gisenyi motari anakupa kaske mbele ya kuondoka, wala hapakii wawili. Na misuko ya Gisenyi ni kama yetu.

Basi komite ya wanafunzi imezungumza na motari wanaosimama mbele ya lango. Wanne wamekubali kubeba kaske ya pili, kama tutapanda kwao kwanza. Wasichana wa ushonaji watashona vitambaa vyepesi vya kuvaa chini ya kaske, kila mtu na chake, akifue nyumbani. Anayetaka aandike jina kwa kapita wa darasa lake mbele ya Ijumaa, wavulana pia. Naye atakayechelewa kwa kungoja kaske, Bwana Prefe ameniruhusu nisimwandike.