Kunyosha Meno Ukubwani

Watu wengi wakisikia kwamba mtu mzima amekwenda kunyoshwa meno, hucheka. Hudhani kwamba anataka kurudia ujana, au kwamba fedha zimemzidi. Twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu ya kwamba jambo hili si la urembo tu, bali ni la afya ya kinywa. Wala umri si kizuizi, maadamu fizi ni nzima na mwenyewe yu tayari kuvumilia.

Sisi tukaao Kwihara, karibu na mji wa Tabora, tuna sababu ya kufikiri habari za meno. Hapa ndipo ilipo nyumba ya tembe ambamo Dokta Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, waliporudi pamoja kutoka Ujiji. Stanley alishika njia ya pwani tarehe 14 Machi, na mzee akabaki hapa akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Wageni wajao kuitazama nyumba ile, ambayo sasa ni makumbusho, huuliza habari za safari na za biashara ya watumwa. Ni wachache waulizao habari za kinywa cha mzee yule. Lakini Stanley aliandika kwamba chakula kigumu cha Lunda na Manyema kilikuwa kimeharibu safu za meno yake. Naye Livingstone alimwandikia binti yake ya kuwa meno yalimvunjika kwa kutafuna mahindi, na moja la mbele limekwisha toka.

Basi jino moja likitoka, mengine hayatulii. Lililo jirani huinama kuelekea pengo, na lile la taya ya pili, lililokuwa likikutana nalo, hujitokeza kwa kukosa mwenzake. Hivyo safu iliyokuwa sawa utotoni yaweza kupotoka ukubwani, wala si kila mwenye meno yaliyopinda alizaliwa nayo.

Ubaya wa meno yaliyosongamana ni huu. Jino likijificha nyuma ya jingine hufanya pembe ndogo ambamo mswaki haufiki, uwe wa mti au wa dukani. Humo hukaa mabaki ya chakula pamoja na utando laini wa vijidudu, ambao usipoondolewa hugeuka kuwa ukoga mgumu kama chokaa. Vijidudu vikila sukari hutoa asidi itoboayo jino. Na vikikaa kando ya ufizi, ufizi huvimba na kutoka damu, na kinywa hunuka. Ugonjwa ukizidi hushuka hata kwenye mfupa ushikao jino, na jino hulegea. Tena meno ya juu yaliyojitokeza mno huvunjika upesi mtu aangukapo. Na wako watu ambao meno yao ya chini huchoma kaakaa, wakajitia kidonda kila walapo.

Mzee mmoja jirani yetu, alipopata habari ya nia yetu, alituambia, "Mwalimu, samaki mkunje angali mbichi. Wako amekwisha kauka." Tulimjibu, "Ni kweli, baba, kwa samaki. Lakini taya ya mtu haikauki maadamu yu hai." Maana jino halikupigiliwa mfupani kama msumari katika ubao, limeshikwa na nyuzi nyembamba zilizo kati ya mzizi na mfupa. Waya ukilisukuma polepole, kwa upande linakoelekea chembe za mwili hula mfupa kidogo kidogo, na kwa upande linakotoka chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Ndivyo jino linavyohama bila kung'oka. Kwa mtoto kazi huwa nyepesi zaidi, kwa kuwa taya zake zingali zinakua na zaweza kuongozwa. Kwa mtu mzima huenda kwa taratibu, na mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu, lakini huenda.

Sisi tulianza tukiwa na umri wa miaka 42. Meno yetu ya mbele ya chini yalikuwa yamesongamana kama wapagazi mlangoni pa tembe, na kila asubuhi mate yalikuwa na damu. Kazi yetu ni kusomesha kwa sauti, na tulikuwa tumezoea kusoma mkono ukiwa mdomoni. Daktari hakuanza na waya. Aliondoa ukoga, akaziba gego lililotoboka, akatuagiza turudi baada ya miezi mitatu aone kama fizi zimepona. Alisema ya kwamba waya ukifungwa juu ya fizi zenye ugonjwa, mfupa hupotea upesi zaidi, na mtu aweza kupoteza yale meno aliyotaka kuyanyosha.

Gharama haikuwa ndogo. Madaktari wa kazi hii ni wachache katika nchi yetu, na wengi wao hukaa katika miji mikubwa. Hivyo tulisafiri mara kwa mara kwa gari moshi mpaka Dar es Salaam. Fedha zilitoka katika akiba ya bati za nyumba. Mama watoto ndiye aliyekata shauri, akasema, "Bati zitangoja, baba. Jino likitoka halirudi." Miezi 22 tulivaa waya. Siku za kwanza tulikula uji na ugali laini, na wanafunzi waliinama chini ya madawati ili wacheke. Baada ya juma moja walikuwa wamezoea.

Siku hizi mswaki hufika kila mahali, na damu asubuhi hakuna. Walakini yatupasa kusema kweli: hatuwezi kuapa kwamba waya peke yake umeleta afya hii. Waya hunyosha njia. Mwenye kufagia ni mkono wa mtu kila siku. Mwenye meno ya sawa asiyepiga mswaki ataugua, na mwenye meno yaliyopinda apigaye mswaki kwa bidii aweza kuzeeka nayo. Tena waya una hatari zake. Chakula hunasa ndani yake, na mvivu hutoboka meno kandokando yake. Pengine mizizi hupungua urefu kidogo. Na baada ya kuondolewa, meno hutaka kurudi yalikotoka, kwa hiyo hata leo usiku twavaa kishikizo alichotupa daktari.

Wala si kila kinywa chahitaji kazi hii. Mwanya wa asili si ugonjwa, bali watu wetu huuhesabu kuwa uzuri. Wasafiri wa karne ya 19 waliwaona Wanyamwezi wakichonga meno ya mbele ya juu ili kuupata. Kuchonga ni kuliumiza jino, wala hatukusifu. Lakini aliyeupata mwanya kwa kuzaliwa, na fizi zake ni nzima, asitoe fedha zake kuuziba.

Kwa wazazi tuna neno moja. Tangu miaka ya 1980 imeenea katika nchi yetu imani ya kwamba kuna "meno ya nailoni" yaletayo homa na kuhara kwa watoto wachanga, na watu huwachimbua fizi kwa vyuma visivyo safi. Kile wanachokitoa ni chipukizi la chonge. Mtoto aweza kufa kwa damu au kwa sumu ya kidonda. Na aponaye aweza kukosa chonge yake ya ukubwani, au ikaota kombo, na safu nzima ikapotoka. Mtoto mwenye homa apelekwe hospitali, na ufizi wake uachwe.

Basi ndugu msomaji, ukiona damu katika mswaki wako, usingoje maumivu. Nenda kwa daktari wa meno aliye karibu nawe, umwulize kwanza habari ya fizi, ndipo habari ya kunyosha. Akikuambia kwamba meno yako yahitaji kusafishwa tu, mshukuru, urudi nyumbani na fedha zako. Akikuambia kwamba yahitaji waya, usione haya kwa ajili ya mvi zako. Kinywa ni chako hata siku ya mwisho, na chakula utakachokila uzeeni chawangoja meno hayo hayo.