Dakika Mbili: Mume na Mke kwa Baiskeli, Upanga hadi Pugu

Upanga haina mlima. Anayekaa huku anajua kwamba toka Faya hadi Muhimbili, na toka Muhimbili hadi baharini, mahali pa juu kuliko pote ni daraja. Kwa hiyo akina mama wenzangu waliposikia kuwa mimi na baba watoto tunajiandaa kwa mashindano ya baiskeli za milimani, walicheka sana, wala sikuwalaumu. Muuguzi aliyepita miaka arobaini, mume mwenye shinikizo la damu na kisukari, na mlima wenyewe hakuna!

Lakini mashindano haya si kama yale mnayoyajua, ya vijana kukimbizana barabarani na mmoja kuinua mikono mwishoni. Haya huwezi kuyaingia peke yako. Mnaingia wawili, mnakwenda siku kadhaa mfululizo kwenye njia za vumbi, mawe na misitu, na mnalala njiani. Ulaya walianza mwaka 1998 kwa yale yaitwayo TransAlp, ya kuvuka milima ya Alpi. Makubwa ya hapa Afrika ni Cape Epic ya Afrika Kusini, yaliyoanza mwaka 2004: siku 8, karibu kilomita 700, na ukijumlisha kupanda kote unapata kama mita 15,000, yaani zaidi ya mara mbili ya Kilimanjaro kuanzia usawa wa bahari. Wapo wanaume wawili, wapo wanawake wawili, na lipo kundi la mwanamume na mwanamke. Katika hilo la mwisho ndimo huingia wenye ndoa zao.

Sasa sikilizeni kanuni zake, maana ndizo zilizoniteka. Wenzi hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika 2. Wakionekana wameachana zaidi ya hapo, wanaadhibiwa kwa kuongezewa muda. Saa ya timu haisimami anapofika wa kwanza, inasimama anapofika wa pili. Kumsukuma mwenzako kwa mkono mgongoni wakati wa kupanda ni halali. Na mmoja akishindwa kabisa, yule mwingine anaweza kuendelea na safari akipenda, lakini hahesabiwi tena katika matokeo.

Nilimsomea baba watoto kanuni hizo jioni moja nikisubiri kwenda zamu ya usiku. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, hawa waliziandikia ndoa."

Kwenda Afrika Kusini hatukuweza. Nauli, ada na vifaa ni mali ya watu wengine. Hata hivyo yako mashindano mengine kule, sani2c, yaliyoanzishwa mwaka 2005 na mkulima Glen Haw ili kuipatia shule fedha. Nayo ni ya wawili wawili, lakini ni ya siku 3 tu, toka chini ya milima ya Drakensberg hadi mji wa Scottburgh, kwenye Bahari ya Hindi hii hii yetu. Chakula cha washindani hupikwa na shule na vikundi vya wenyeji, nao hupata chochote. Jirani zetu wa Kenya wanayo 10to4, siku 3 katika miteremko ya Mlima Kenya, na fedha zake huenda kulinda msitu. Tukasema, siku 3 tunaziweza. Tukachukua kanuni za watu, tukaacha ada yao, tukapanga safari yetu wakati wa likizo yangu: Upanga hadi Kisarawe, siku moja ndani ya vilima na msitu wa Pugu, kisha kurudi Upanga. Washindani wawili, timu moja. Nafasi ya kwanza tulikuwa na uhakika nayo.

Kabla ya baiskeli tulikwenda kwa daktari. Mnisamehe, hapa nitazungumza kama muuguzi. Baba watoto alikuwa akimeza atenolo kwa ajili ya shinikizo na glibenklamaidi kwa ajili ya sukari. Dawa ya kwanza huuzuia moyo kwenda mbio. Ndiyo kazi yake, na ni kazi njema, lakini kwenye kilima moyo unataka kwenda mbio na dawa inakataa, kwa hiyo mtu huchoka mapema kuliko mwenzake. Dawa ya pili hushusha sukari, hata kama umeruka mlo, hata kama umekwisha kuitumia sukari yote kwenye miguu. Tena zikikutana, ile ya kwanza huweza kuficha dalili za sukari kushuka: mikono haitetemeki sana, moyo haudundi sana. Inayobaki wazi ni jasho. Daktari akapunguza dozi kwa siku za safari, akamwambia ale kila baada ya muda, akasisitiza tubebe kipimo cha sukari na glukosi. Mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani asije akabadilisha dozi kwa kusoma ukurasa huu. Amwone daktari wake.

Baiskeli tulizipata Kariakoo, za mtumba, zenye gia na matairi mapana. Fundi aliyekaa kibarazani alizifungua mbele yetu akabadilisha cheni, nyaya za breki na mpira mmoja wa ndani. Alipoambiwa kuwa ile ndogo ni ya mama, akaangalia kitenge changu, akaangalia baiskeli, akapandisha kiti bila neno. Kariakoo bwana! Jina lenyewe lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba mizigo ya jeshi kichwani maili na maili. Mpaka leo ukipita Mtaa wa Msimbazi unakutana na wapagazi wengine, mikokoteni na vijana wenye marobota mabegani, na baiskeli lazima ijifunze adabu mbele yao.

Mazoezi tuliyafanya Upanga saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla magari hayajajaa. Barabara ya Umoja wa Mataifa saa ile ina wauguzi wanaotoka zamu, walinzi wanaokunja makoti, na wauza maandazi. Tulikuwa tunazunguka hadi baharini, tunapanda Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022 kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan kwenda Coco Beach, tunashuka, tunageuka, tunapanda tena. Mara sita, mara nane. Ndio mlima tuliojaliwa. Juu pale upepo wa kusi unakupiga ubavuni, na chini mchanga wa kijivu unaonekana maji yakiwa yametoka.

Hapo darajani ndipo nilipoona tatizo la timu yetu. Kila tukipanda, mimi hutangulia. Sikimbii, ni mwepesi tu, na moyo wangu hauna breki ya kidonge. Yeye nyuma anakaza, anainama, anaona aibu. Mwanamume wa Kitanzania kuachwa na mkewe mbele ya vijana wanaokimbia mchakamchaka si jambo dogo. Siku ya tatu akaniambia, "Mama watoto, wewe tangulia, tutakutana nyumbani." Nikamwambia hapana, kanuni ni dakika 2. Tukabadilisha mpango: yeye mbele siku zote, mimi nyuma. Aliye mbele ndiye anayeamua mwendo. Baadaye nikasoma kwamba ndivyo wanavyofanya wazoefu wa mashindano hayo, mwenye nguvu kidogo hutangulizwa. Baba watoto alipojua hivyo aibu ikamtoka. Akaanza hata kunipa amri.

Mama mmoja wa kanisani aliniuliza faragha kama ni vizuri mwanamke wa heshima kupanda baiskeli. Nikamkumbusha wakunga wa vijijini tuliosoma nao, waliozalisha vijiji vizima kwa baiskeli za kuazima. Wiki iliyofuata akaniuliza baiskeli za kike zinauzwaje.

Siku ya kwanza, Alhamisi, ilikuwa kama kilomita 30. Tulitoka kabla ya mapambazuko, Faya, Kariakoo, Kamata, kisha Barabara ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu. TAZARA tulipita chini ya Daraja la Mfugale, na kule Uwanja wa Ndege jua likatukuta. Sitawadanganya kuwa sehemu hii ni nzuri. Ni malori, moshi na bodaboda zinazokupita kwa upana wa kiganja, na mtu asiyezoea namshauri apakie baiskeli kwenye gari mpaka Gongo la Mboto. Baada ya hapo ardhi inaanza kuinuka, na kwa mara ya kwanza tulibadilisha gia kwa sababu ya haja, si kwa kujaribu. Pugu tulipumzika karibu na shule ambayo Mwalimu Nyerere aliifundisha, akaiacha mwaka 1955 kwa ajili ya kazi ya TANU. Kisarawe tulifika tukiwa wazima, tukalala nyumba ya wageni saa mbili usiku kama watoto.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa mashindano. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko karibu sana na jiji, lakini ukiingia unasahau. Kivuli kizito, ndege, kima juu ya miti, njia nyembamba zenye mizizi. Tulilipa getini, tukaenda hadi Bwawa la Minaki, tukakaa tukila viazi vitamu na mayai. Kutoka hapo njia inashuka bondeni na kupanda tena, halafu inashuka, halafu inapanda. Mwenye haraka hapa hushuka mwenyewe na kukokota.

Kwenye kilima cha tatu baba watoto alisimama akaniambia kwa ukali, "Acha kunifuata fuata!" Nikanyamaza. Akaendelea: kwa nini nimebeba pampu upande ule, kwa nini nimechagua njia hii, nani aliyesema tuje huku. Mimi namjua mtu huyu miaka 22. Hakasiriki kwa ajili ya pampu. Sisi wake tumezoea mume akija juu, na sisi tunapanda juu, au tunanuna, tunatangulia mbele kimya kimya tukamwache na hasira zake. Nilitazama uso wake badala ya kusikiliza maneno. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso na juu ya mdomo, na pale tuliposimama palikuwa na kivuli na upepo. Nikamgusa shingoni: baridi, imelowa.

Nikamketisha chini. Kipimo kikasoma 2.9. Ndugu zangu, chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka, na 2.9 ni mahali ambapo mtu bado anaongea lakini akili imeanza kuondoka. Nikampa glukosi kwenye maji, anywe yote, nikaangalia saa. Baada ya dakika 15 nikapima tena: 4.6. Akala ndizi mbili na mkate, maana glukosi hupita upesi na lazima ifuatwe na chakula. Alikuwa ameviacha viazi nusu kule bwawani, alisema ameshiba. Mikono yake haikutetemeka hata mara moja, kama daktari alivyotuonya.

Aliporudiwa na rangi yake akauliza, "Nimesema nini?" Nikamweleza habari ya pampu. Akacheka mpaka kima wakakimbia.

Tulikaa pale saa nzima. Mbali chini tulisikia treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Morogoro mwaka 2024, ikipita kwa sauti kama ya upepo mrefu. Alizungumza mambo ambayo nyumbani hatuyafikii, kwa kuwa mimi nikirudi zamu yeye anatoka kazini, na Jumapili ni kanisa na wageni. Alisema anaogopa kwamba ipo siku atakuwa mmoja wa watu ninaowageuza kitandani wodini. Sikumpa maneno ya kumtuliza, ninayo mengi mno ya kazini. Nilimwambia kwamba nami naogopa hilo hilo. Kisha tukazikokota baiskeli kilima kilichobaki, tukarudi Kisarawe polepole, naye mbele.

Jumamosi tulirudi. Alipima sukari mwenyewe mara nne njiani bila kuambiwa, na Ukonga alisimama akanunua karanga kabla sijafungua mdomo. Kariakoo palikuwa pamejaa, tukashuka tukatembea. Mwisho wa mashindano tulikuwa tumeupanga darajani, upande wa Coco Beach, ili tumalize na mlima wetu wa nyumbani. Katikati ya daraja miguu yake ilikwisha. Nikaweka kiganja mgongoni mwake, kama kanuni inavyoruhusu, nikasukuma. Vijana wawili waliokuwa wanakimbia wakatupigia makofi, na yeye, mwanamume yule yule wa aibu, akawapungia mkono kama mfalme.

Yeye alifika, kisha nikafika mimi. Saa yangu ilionyesha saa 3 na dakika 14 tangu tutoke Kisarawe. Ya kwake haikuwa na habari, ilikuwa imezimika tangu Gongo la Mboto.