Maiki ya Elfu Tatu Mia Nane

Ukikaa na mtu yeyote anayerekodi muziki chumbani mwake, dakika kumi haziishi kabla hajataja maikrofoni ambayo hana. Wanaorekodi gita la mbao wataitaja KM 84. Ni kijiti cha chuma kilichoanza kutengenezwa na kampuni ya Neumann, Ujerumani, mwaka wa 1966, na hadi leo watu wanazungumza juu yake kama wazee wanavyozungumza juu ya Peugeot 504. Ukipata moja kuukuu ambayo bado inafanya kazi, utaachana na zaidi ya shilingi laki moja. Mimi hulipa kodi ya elfu tano kwa mwezi hapa Kware. Yaani KM 84 moja ni zaidi ya miezi ishirini ya kuwa na paa.

Yangu nilinunua Luthuli Avenue kwa shilingi 3,800. Imetoka China, na jina lililoandikwa ubavuni limeshafutika kwa jasho la mkono. Kwa macho zinafanana: kijiti kilekile chembamba, matundu yaleyale kichwani. Na kuna imani iliyoenea dunia nzima kwamba ukiifungua hii ya bei ya chini, ukatoa matumbo yake ya bei rahisi na kuweka mengine mazuri, itaimba kama ile ya laki. Watu wamezifanyia hivyo maiki za Oktava za kutoka Tula, Urusi, kwa miaka mingi, kisha wakahamia kwa za Kichina. Nilitaka kujua kama imani hiyo inaweza kuishi mtaa wangu.

Sababu ilikuwa mjomba. Ndugu ya mama, na kwetu Waluhya huyo humwita khotsa. Anapiga omutibo, ule mtindo wa gita wa Magharibi ambapo kidole gumba kinatembeza besi huku kidole cha shahada kikizungumza juu, na mtu wa pili anakwaruza na kugonga chupa ya Fanta kushika mwendo. Khotsa ana miaka sabini na kitu, amekuja Nairobi kwa kliniki ya macho, na vidole vyake vimeanza kukataa asubuhi za baridi. Hajawahi kurekodiwa. Rekodi zote za omutibo anazozijua ni za watu wengine, hasa George Mukabi, ambaye humtaja kama mtu anayetaja jirani. Hakuna haja ya kueleza kwa nini nilikuwa na haraka.

Kabla ya kufungua kitu, heri ujue kinavyofanya kazi. Ndani ya kichwa cha maiki ya aina hii, ya kondensa, kuna utando mwembamba sana umekaa mbele ya bamba la chuma, bila kugusana. Vikitiwa umeme, vinakuwa kapasita. Sauti ikiusukuma utando, nafasi kati yao inabadilika, na umeme unabadilika nayo. Mabadiliko hayo ni madogo na dhaifu mno, hayawezi kusafiri kwenye waya mrefu. Kwa hiyo hapo hapo nyuma ya utando kuna transista moja na risista ya ohm bilioni moja au zaidi, kazi yao ikiwa kuyapokea bila kuyamaliza nguvu. Kwenye KM 84, baada ya hapo sauti inapita kwenye transfoma ndogo na kutoka.

Umeme wenyewe una hadithi yake. Mwaka huo wa 1966 watu wa Neumann walikuwa Oslo, wakishughulikia maikrofoni za shirika la utangazaji la Norwe, NRK. Mchana wa majira ya baridi kule ni mfupi mno, na studio zilikuwa tayari zina mfumo wa taa za ziada wa volti 48. Wakaamua maiki zile nazo zile umeme huohuo, kupitia waya uleule unaobeba sauti. Ndiyo maana leo, kwenye saundikadi yangu ya mitumba, kuna kitufe kidogo kimeandikwa 48V. Giza la Oslo limekaa kwenye meza yangu Kware, ambako stima ni ya tokeni na inapotea bila kuaga. Ikipotea, laptopu inatoa volti 5 za betri yake, saundikadi inazipandisha hadi 48, na maiki haijui kuna tofauti. Mimi ndiye najua, kwa sababu betri yangu hudumu dakika arobaini.

Niliifungua maiki kwa fundi wa simu aliye chini ya ploti yetu. Nilisoma uhandisi wa umeme hadi mwaka wa pili kabla ya kuondoka, na yale mahesabu bado ninayo. Ila mkono wa kazi ni wake. Yeye ana darubini ya meza, ana solda yenye ncha kama ya sindano, na kwa siku anafungua simu nyingi kuliko kompyuta nilizofungua maishani. Aliigeuza ile saketi chini ya taa, akacheka.

“Jirani, hii wameiosha na nini? Angalia uchafu.”

Alikuwa anaonyesha mabaki ya dawa ya solda, ya rangi ya asali, yameganda karibu na ile risista kubwa. Kwenye simu uchafu kama huo pengine usingekunyima usingizi. Hapa ni tofauti. Panapokuwa na ohm bilioni moja, hata alama ya kidole ni njia ya umeme kutorokea, na ukitoroka unausikia: mlio wa kukaanga samaki nyuma ya gita. Aliisugua kwa mswaki wa meno na spiriti safi ileile anayooshea bodi za simu, akaiacha ikauke, akaniambia nisiiguse.

Kisha tukabadilisha kapasita tatu. Zile za kauri zilizokuwa kwenye njia ya sauti tukaziondoa, tukaweka za filamu nilizonunua Luthuli shilingi thelathini kila moja. Kapasita nyingi za kauri za bei ya chini hubadilisha thamani yake kadiri umeme unavyopanda na kushuka, kwa hivyo huongeza ukwaruzo wao wenyewe kwenye sauti. Nyingine hata hutetemeka zikigongwa, kama vijimaiki vidogo visivyoalikwa. Transfoma tuliiacha. Nzuri inayoingia kwenye kijiti kile ingegharimu kuliko maiki nzima. Na hapo ndipo nilipogundua kichekesho: saketi ya maiki yangu haikuiga KM 84 hata kidogo. Haikuwa na transfoma kabisa. Ilifuata mchoro wa Schoeps, kampuni nyingine ya Ujerumani. Yaani nilikuwa nataka kumgeuza Mjerumani mmoja awe Mjerumani mwingine, kwa mikono ya fundi wa Kware.

Fundi alichukua mia tatu. Nilipanda juu, nikavaa hedifoni, nikabonyeza 48V.

Ule mlio wa kukaanga ulikuwa umeisha. Na baada yake, Kware ikaingia.

Sijui nilitarajia nini. Nadhani nilitarajia kimya, kwa sababu kimya ndicho wanachouza wale wanaosifia maiki za kale. Lakini kimya cha maiki si kimya cha chumba. Maiki inapoacha kupiga kelele zake, inaanza kusikia za wengine. Nilisikia posho mill iliyo mitaa miwili kutoka hapa, ambayo masikio yangu yalikuwa yameacha kuisikia mwaka jana. Nilisikia madebe ya maji yakipandishwa ngazi, kinanda cha kanisa la mabati kikitafuta ufunguo, ndege ikishuka kuelekea uwanjani Embakasi, na mtoto akimwita Mama Shiru, ambaye haitikii kamwe. Maiki mbovu ilikuwa inanisitiri.

Kware ni Kiingereza kilichokaa mtaani mpaka kikapata lafudhi: quarry, machimbo ya mawe. Wengi nje ya Eastlands walilisikia jina hili mara ya kwanza Julai 2024, miili ya wanawake ilipotolewa kwenye magunia katika machimbo ya zamani yaliyogeuka jaa la taka. Wiki hizo maikrofoni za bei zote zilikuja hapa. Zilirekodi vilio na hotuba, zikaondoka. Sisemi zilikosea kuja. Nasema tu kwamba kuna watu ambao sauti pekee ya Kware waliyo nayo ni ile. Nilifikiria hilo nikiwa na hedifoni kichwani, mkono kwenye programu ya kufuta kelele.

Khotsa alikuja Jumapili. Nilitundika blanketi mbili, nikageuzia mlango mgongo wa maiki, kwa kuwa aina hii husikia zaidi mbele kuliko nyuma, na nikaiweka mbele ya gita. Binamu yangu akashika chupa. Tulirekodi wimbo mmoja, nikampa khotsa hedifoni. Alisikiliza macho yamefumba.

“Mwiwa,” akasema, “gita ni zuri. Lakini chupa iko kwa jirani.”

Nikamweleza kuhusu maiki, Ujerumani, 1966. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

“Mukabi alikufa '63. Yeye walimrekodi na gani?”

Sikuwa na jibu, na halikuhitajika. KM 84 haikuwepo. Sauti ambayo khotsa ameibeba kichwani maisha yake yote, ile iliyomfundisha gita linavyopaswa kulia, haikupita kwenye kile kijiti ninachohangaika kukiiga. Nilikuwa nimeazima ukale wa watu wengine nikitafuta wetu.

Hakungoja jibu. Alimvuta binamu na kigoda chake karibu, akaisogeza maiki kama shubiri moja kuelekea chupa, akaishusha kidogo ielekee pale shingo ya gita inapoungana na tumbo. Tukarudia. Shubiri hiyo ilibadilisha sauti kuliko kapasita zote tatu. Chupa ilikaa kifuani mwa gita, inapopaswa kukaa. Kazi ya fundi haikupotea: bila usafi ule nisingeisikia ile mikwaruzo midogo ya mwisho, chupa inapopumua kati ya mapigo. Lakini utando ni uleule uliotoka nao China, na kwa kiasi kikubwa utando ndio sauti. Solda haiwezi kuubadilisha.

Tulirekodi nyimbo kumi na moja kabla vidole havijachoka. Ile programu ya kufuta kelele sikuifungua. Kila nilipojaribu kuondoa posho mill kichwani, niliona itaondoka na mwili wa besi. Na Mama Shiru anaitwa katikati ya wimbo wa nne, kwenye pumziko, kana kwamba aliambiwa aingie hapo.

Jumatatu khotsa alinipa namba ya shangazi yake aliyeko Butere, mzee kuliko yeye, nimtumie mmoja kwa WhatsApp. WhatsApp ikaibana sauti, naye akaisikilizia kwenye spika ya simu ndogo nje ya jikoni. Kapasita za filamu zilikuwa zimefanya kazi yote hiyo ili zifike pale. Alinipigia baada ya nusu saa. Alisema mtoto wao anapiga vizuri bado, Mungu ni mwema. Halafu akauliza kama huyo Mama Shiru alipatikana.